Kodi ya Namba Tisa

Marlena Tipton aliikuta barua Alhamisi alipotoka kazini, imebandikwa mlangoni kwa utepe pembe zote nne, kama tangazo la mnada.

Miguu ilikuwa inamuuma na mikono inanuka spiriti. Kazi yake ilikuwa kuwatoa watu damu katika zahanati moja ya upande wa kaskazini wa Knoxville, na siku hiyo alikuwa ametoboa mishipa ya watu thelathini na wanane bila hata mmoja kulalamika. Alisimama ukumbini na mfuko wa sokoni mkononi, akasoma.

Kuanzia tarehe mosi Desemba, barua ilisema, kodi ya nyumba namba tisa itapanda kutoka dola elfu moja mia moja na kumi hadi dola elfu moja mia saba na tisini kwa mwezi. Tunashukuru kwa kuendelea kuwa nasi.

Alirudia kusoma ile tarakimu akidhani macho yamemdanganya. Kisha akashuka hadi kwenye sahihi, na hapo ndipo moyo ulipompasuka. Ilikuwa R yenye mkia mrefu. R hiyo aliijua vizuri. Ndiyo iliyokuwa kwenye vijikaratasi alivyovikuta kwenye kioo cha gari lake asubuhi za baridi: *Endesha polepole, mpenzi. R.*

Royce Whaley, meneja wa nyumba za mama yake. Mwanamume ambaye kwa mwaka mmoja na miezi minne Marlena alikuwa amempa moyo wake wote, bila kubakiza hata kipande cha akiba.

Tena barua ilikuwa na tarehe ya Jumatatu. Jumatano, yaani jana tu, Royce alikuwa amekaa mezani kwao. Alikula maharage na mkate wa mahindi, akamtania Mzee Hobert kuhusu mpira, na alipokuwa anaondoka alimshika Marlena kiuno hapo hapo mlangoni, akambusu taratibu kama mtu asiye na haraka wala siri.

"Nini hicho, mwanangu?" baba yake aliuliza kutoka ndani. Sauti ya Mzee Hobert ilikuwa nyembamba. Machimbo ya zinki yalikuwa yameyala mapafu yake zamani, na sasa alipumua kwa mpira uliotoka puani mwake hadi kwenye mashine iliyonguruma kando ya kiti.

"Matangazo tu, Baba."

Alijifungia bafuni, akapiga simu.

"Lena," Royce alipokea kabla haijalia mara ya pili. "Umeiona."

"Nimeiona. Ni makosa, sivyo? Kompyuta imekosea."

"Nilitaka kukwambia mwenyewe."

"Sasa jana ulipokuwa unakula kwetu mdomo ulikuwa na kazi gani?"

Alicheka. Kicheko kile cha chini ambacho siku zote kilimlainisha Marlena. "Njoo Jumapili kwa Mama, baada ya kanisa. Nina kitu nataka kukuonyesha. Ukishakiona, hiyo barua utaichana mwenyewe. Niamini, mpenzi."

Naye akaamini. Alikaa ukingoni mwa beseni la kuogea, simu ikiwa bado sikioni, akamwamini, kwa sababu alikuwa amezoea kumwamini.

Hata hivyo Jumamosi hakukaa bure. Alizunguka mji kutafuta nyumba. Ya kwanza ilikuwa chini ya ardhi, zulia limelowa mkojo wa mbwa wa mpangaji aliyetoka, na dalali akasimama katikati ya harufu ile akisema huu ni mtaa unaochangamka. Ya pili ilikuwa na foleni ya watu ishirini na kitu mpaka barabarani, kila mmoja ameshika fomu na dola arobaini za kulipia fomu hiyo isomwe tu. Ya tatu alipanda ngazi hadi ghorofa ya nne, akageuka, akashuka. Baba yake asingefika hata ya pili.

"Kijana wako amesemaje?" Mzee Hobert alimuuliza usiku huo. Alikuwa ameshaiona barua. Mzee hakuwa mtu wa kufichwa.

"Amesema tumwamini."

"Nimewalipa kodi akina Whaley miaka ishirini na sita. Nilianza na babu yake, nikaja kwa mama yake, sasa yeye. Leo niwape na binti juu yake?"

"Baba, usianze."

"Sijaanza, namaliza. Mtu anayekushikia ufunguo wa mlango wako hawezi kukubembeleza sawasawa. Akikasirika unalala wapi?"

"Royce si mtu wa hivyo."

Mzee alivuta hewa, akaiachia. "Natamani niwe nimekosea," akasema. "Kweli kabisa natamani."

Jumapili asubuhi Marlena alivaa gauni lake la kijani, lile Royce alilosema linamfanya asahau njia ya kwenda kwao. Kwenye ngazi akakutana na Bibi Opaline Beeler wa namba nane, ameshika kifuko cha takataka na fimbo.

"Umependeza mpaka dhambi," bibi alisema. "Haya, na wewe wamekuletea ile barua yao? Dola hamsini! Kila mwaka lazima watukwangue."

Marlena alisimama. "Hamsini?"

"Hamsini. Namba saba hamsini. Wale vijana wa chini wenye gitaa, hamsini, ingawa wale ningewapandishia mimi mwenyewe. Kwani wewe ngapi?"

"Hivyo hivyo, Bibi," alisema Marlena, akaendelea kushuka.

Njia nzima alitafuta sababu. Labda namba tisa ina chumba cha ziada. Lakini nane nayo inacho. Labda ni ile mashine ya baba, inakula umeme. Lakini umeme wanalipa wenyewe. Kila sababu aliyoiokota iliporomoka kabla hajafika taa za barabarani zilizofuata.

Royce alikuwa anamsubiri nje, amekunja mikono ya shati jeupe hadi kwenye viwiko. Alimtazama Marlena kuanzia visigino hadi nywele kwa macho yale ya kahawia yaliyokuwa yakimfanya ajione mwanamke pekee katika jimbo zima la Tennessee. Na hata siku hiyo, pamoja na barua na hamsini za Bibi Opaline, mwili wake ulimsaliti. Alitaka kukimbilia kifua kile na kujificha.

"Funga macho," Royce alisema.

Alimwongoza ngazi za nje, juu ya banda la magari. Marlena alipofumbua macho alijikuta katika nyumba ndogo mpya. Jiko lilikuwa jipya, dirisha pana lilitazama milima ya mbali, kuta zimepakwa rangi ya bluu hafifu. Ni rangi ambayo aliwahi kuitaja mara moja tu, kwenye gari, mwaka mzima uliopita.

"Umekumbuka," alinong'ona.

"Nakumbuka kila unachosema. Nimejenga kwa mikono yangu, miezi mitatu, kila Jumamosi." Alimshika mikono yote miwili. "Hakuna kodi, Lena. Wewe na mimi. Siku utakayokuwa tayari tunafunga ndoa, na kama hutaki haraka, sina haraka."

Machozi yalimlenga. Alizunguka taratibu, akagusa bomba, akagusa pazia. Kulikuwa na chumba kimoja. Kitanda kimoja.

"Baba atalala wapi?"

"Nimeongea na kaka yako kule Maryville. Amekubali."

"Umeongea na Denny?"

"Ana chumba pale nyuma."

"Denny hajampigia Baba simu tangu Pasaka. Umeongea naye lini?"

"Wiki kama tatu hivi," Royce alisema, na kwa mara ya kwanza macho yake yakahama. "Twende, Mama hapendi kuku apoe."

Bi Glenda Whaley alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, nywele nyeupe zimetengenezwa zikakaa kama kofia, bado amevaa gauni la kanisani. Aliomba baraka, akapitisha sinia la kuku wa kukaanga, akamimina chai baridi yenye sukari ya kutosha kuozesha meno.

"Umeonyeshwa huko juu?" aliuliza.

"Ndiyo, Bi Glenda. Pazuri sana."

"Nisikufiche, mimi nilikataa. Sina ubaya na wewe, mikono yako ni ya kazi na adabu unayo. Lakini mpangaji ni mpangaji. Ukimwingiza mpangaji katika familia, siku ya kugombana hujui ugombane naye kwa lipi."

"Mama," Royce alisema.

"Naongea na mgeni wangu. Kula viazi."

Marlena aliweka uma chini. Alijua kwamba asipouliza sasa hatauliza tena. Atapanda zile ngazi na kulala chini ya zile kuta za bluu maisha yake yote huku swali likimkaa kooni.

"Bi Glenda, naomba nikuulize jambo la nyumba. Wenzangu wote mmewapandishia dola hamsini. Mimi mia sita na themanini. Kwa nini?"

Bi Glenda alimtazama mgeni, kisha akamgeukia mwanawe. Sauti yake ilipotoka haikuwa ya hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Uliniambia anajua," alimwambia Royce.

"Mama, hilo tutaliongea baadaye."

"Uliniambia mmekubaliana. Kwamba anahamia huku, namba tisa tuiandae kwa watu wapya wanaotoka California, ndiyo maana tuweke bei ya soko. Mimi namba tisa niliiandikia hamsini kama wapangaji wote wa zamani. Wewe ndiye uliyekata ukaandika upya."

Marlena alimgeukia Royce polepole, kama mtu anayegeuza shingo yenye jipu.

"Sema si kweli."

Royce alikuwa amepauka, lakini hakuinamisha kichwa. "Nilikuomba mara tatu uhamie kwangu. Mara tatu! Kila mara ni baba, baba, baba. Siku zinakwenda, Lena. Nikafikiri ukipata kisukumo kidogo..."

"Kisukumo."

"Usingelipa hata senti ya hiyo bei mpya! Ungekuwa umeshahamia hapa kabla ya Desemba. Nilifanya kwa sababu nakupenda."

Marlena alikuwa mtu asiyetishwa na damu, usaha wala matapishi, vitu ambavyo kila siku alivifuta na kuvitupa kisha akala chakula chake cha mchana. Lakini maneno yale hakuweza kuyafuta wala kuyatupa. Aliona mafuta ya kuku yakiganda kwenye sahani yake, akaona midomo ya Royce ikimeta mafuta yale yale, akakumbuka busu la Jumatano. Midomo hii ilikuwa imembusu ikijua. Mkono huu ulikuwa umesaini Jumatatu, halafu Jumatano ukapokea kipande cha mkate kutoka kwenye mkono wa baba yake unaotetemeka.

Alichukua kitambaa cha mezani, akajifuta mdomo. Akajifuta tena, kwa nguvu, mpaka midomo ikamuwasha.

"Jana nilisimama kwenye mkojo wa mbwa," alisema. "Unajua hilo? Nilisimama humo nikapiga hesabu ya kitanda cha Baba kitakaa wapi. Nililipa watu wasome jina langu tu. Siku tatu sijalala, na wewe unajua, unanisubiri nichoke."

"Ningekwambia leo."

"Ungeniambia nini? Kwamba umeichoma nyumba yangu ili nije kuota moto kwako?"

"Lena, nimekujengea..."

"Umenijengea mtego ukaupaka rangi ninayoipenda!" Alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake. "Ungeniomba mara ya nne, Royce. Ungeniomba mara ya kumi. Ungesema, tuongeze chumba kimoja cha mzee, ningehamia na viatu mkononi. Nilikuwa wako! Hukuhitaji kuninyang'anya mlango."

Royce alizunguka meza akamshika mkono. Ni mguso ule ule, wenye joto lile lile. Ngozi ya Marlena ilisisimka, na kusisimka huko kukamchefua kuliko yote.

"Usiniguse."

Aliuachia.

"Ufunguo," alisema Marlena.

"Ufunguo gani?"

"Wa kwangu. Uko kwenye shada lako."

"Ule ni wa ofisi, Lena. Kwa ajili ya matengenezo..."

"Mpe," alisema Bi Glenda. Alikuwa bado ameketi, ameshikilia ukingo wa meza kwa vidole vyake vyenye pete. "Mpe huo ufunguo, kabla sijainuka mimi."

Ilimchukua muda kuutoa. Chuma kiligoma, na Marlena alimsikia akipumua kama mtoto aliyetoka kulia. Angeweza kumhurumia. Sehemu yake fulani ilikuwa tayari inamhurumia. Royce aliweka ufunguo mezani, kati ya sinia na bakuli la maharage, akatoka nje bila koti.

Bi Glenda alifungua droo, akatoa karatasi na kalamu. Aliandika kwa mkono, bila kusema, mistari michache: namba tisa, nyongeza ya dola hamsini, mkataba wa miaka miwili. Akasaini, akaisukuma.

"Sikupi kwa huruma," alisema. "Mimi napandisha kodi mchana kweupe, na anayenichukia ananichukia kwa jina langu. Huu uchafu sikumfundisha mimi."

"Asante."

"Na usidhani nimekukubali."

"Sijaja kuomba kukubaliwa, Bi Glenda."

Mwanamke yule alimtazama vizuri, labda kwa mara ya kwanza. "Kumbe," alisema, basi.

Marlena alitamani kuichana karatasi ile. Katika hadithi ambazo mama yake alikuwa akizisoma jikoni enzi za uhai wake, mwanamke angeichana, akatoka na kichwa juu, na nje angekuta mvua na mwanamume mwingine. Lakini nyumbani kulikuwa na mashine inanguruma na mzee anayengoja. Mjini hapakuwa na chumba kingine cha chini ambacho mshahara wake ungekifikia. Alisaini. Mkono ulikimbia haraka kuliko alivyotaka, na akajichukia kwa wepesi ule.

Nje, Royce alikuwa amesimama karibu na gari la Marlena. "Nipige," alisema. "Nitukane. Ila usiende hivi."

"Denny alikwambia nini kuhusu Baba?"

"Nini?"

"Alipokubali kumchukua. Alisema nini?"

"Alisema nimlipe mia nne kwa mwezi."

"Ukakubali."

"Nikakubali."

Marlena alitikisa kichwa. Aliingia ndani ya gari, akafika mpaka kituo cha mafuta cha kwanza, akafungua mlango na kutapika kando ya gurudumu.

Nyumbani Mzee Hobert alisikiliza yote bila kumkatiza. Alipomaliza, mzee hakusema *nilikwambia*. Alinyoosha mkono wake mkavu, akauweka juu ya wa binti yake.

"Nina bima ya kulipia nyumba ya wazee," alisema. "Kama mimi ndiye kizuizi..."

"Baba, ukimaliza hiyo sentensi nahama mimi."

Mzee alicheka mpaka akakohoa, na Marlena akamshika mgongo mpaka kikohozi kikatulia.

"Unampenda bado?"

"Bado."

"Basi itauma."

"Kuuma ningevumilia. Inanichefua, Baba. Nikimkumbuka nataka kumkumbatia, halafu nataka kunawa."

Wiki zilipita. Royce alituma maua, yakaishia mezani kwa Bibi Opaline, aliyeyafurahia bila kuuliza maswali. Alituma barua ndefu tatu. Marlena alizisoma zote, akalia kwa mbili, hakujibu hata moja. Fundi aliyekuja kutazama bomba alikuwa mgeni, akabisha hodi na kungoja afunguliwe.

Tarehe mosi Desemba kulikuwa na manyunyu. Kodi bado ililipwa kama zamani, dirishani, katika ofisi ndogo ya akina Whaley nyuma ya duka la kinyozi, na Marlena aliomba Mungu akute msichana wa mapokezi. Akamkuta Royce.

Alikuwa amekonda. Ndevu zilikuwa zimemwota upande mmoja zaidi ya mwingine, na shati lilihitaji pasi. Macho yale ya kahawia yalipanda yakakutana na yake kupitia kioo, na kwa kitambo Marlena alisahau amefuata nini.

Alipitisha hundi chini ya kioo. Royce aliichukua kwa ncha za vidole, akavuta kitabu cha risiti, akaandika jina la Marlena taratibu, herufi moja moja, kama mtu anayetaka kazi isiishe. Alipofika kwenye sahihi alisimama.

"Nimeanza kubomoa ukuta kule juu," alisema bila kuinua kichwa. "Kutoa chumba cha mzee. Hata kama hutakuja. Nimeona tu kwamba ndivyo nilivyopaswa kujenga."

Nyuma ya Marlena foleni ilikuwa inaongezeka. Mtu mmoja alikohoa. Mama mmoja alimnyamazisha mtoto.

"Nakupenda, Lena."

Alijua kwamba ni kweli. Hilo ndilo lililokuwa baya kuliko yote. Alingoja mpaka akawa na uhakika kwamba sauti itatoka nzima.

"Andika na tarehe," alisema.